Maktaba zikabidhiwe kaunti?

Mkutubi wa Bara: Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka maktaba chini ya kaunti. Matawi ya bodi ya maktaba ya taifa yakabidhiwe basi, na pesa ziyafuate. Balbu ikiungua huku, uamuzi ufanyike huku huku.

Baba Zawadi: Utamkabidhi nani? Gavana anatafuta kura, na kura ziko kwenye barabara na zahanati. Hata Nairobi, maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa kwa kushirikiana na shirika la Book Bunk, si kaunti peke yake. Isitoshe, vijana wa leo maktaba wanaifuata kuchaji simu tu.

Binti wa Eastlands: Mzee, hapo kwenye simu umenikosea. Nyumbani tulikuwa watano chumba kimoja, na tokeni ya stima ikiisha, giza. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nimeisomea maktaba, natoka mlinzi akifunga. Simu nilichaji, ndiyo, kwa sababu maswali ya miaka iliyopita yalikuwa humo.

Baba Zawadi: Sikukutaja wewe. Enzi zetu tuliingia na daftari, tukanyamaza.

Mwalimu Mstaafu: Enzi zipi, ndugu yangu? Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakukanyaga ndani kusoma hadi uhuru ulipokaribia. Marehemu baba alikuwa akiipita kila siku akienda kazini. Usimwambie mtoto huyu kwamba amekuja mahali pasipo pake.

Baba Zawadi: Mwalimu, sijamfukuza mtu! Nalilia vitabu.

Mkutubi wa Bara: Jamani, mada. Bodi yetu iliundwa kwa sheria ya 1963, wakati hakuna kaunti...

Mwalimu Mstaafu: 1965. Ya 1963 ni ya Tanganyika.

Mkutubi wa Bara: Sawa, 1965, asante. Serikali za kaunti hazikuwapo, kwa hiyo kila kitu kilipangwa kutoka juu. Mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi, na nataka kujua barua yangu ya kazi itasainiwa na nani, na pensheni yangu itahesabiwa tangu lini. Hilo hamjaligusa.

Binti wa Eastlands: Pole, mkutubi. Mimi naomba moja tu: yeyote atakayesaini, mfunge saa mbili usiku. Saa kumi na moja jioni ndiyo kwanza mwanafunzi anatoka shule.

Baba Zawadi: Hilo nakubali. La simu bado.