Tupeane uzoefu: riwaya za mapenzi tulizosoma tukiwa vijana, Kigoma na Tabora

Dada wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Juzi usiku umeme ulikatika, nikaamka kufunga dirisha, nikaona mwanga chini ya kanga chumbani kwa mdogo wangu. Yuko kidato cha tatu, naishi naye tangu mama afariki. Nikafunua kanga. Amelala kifudifudi, simu kaiegemeza kwenye mto tochi ikiwaka, anasoma. Nilidhani ni Fizikia. Kumbe ni riwaya ya mapenzi ya Kimarekani, zile za vijana wa sekondari, kaivalisha gazeti kama daftari la shule. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikakichukua. Hakubisha. Alisema tu, "Dada, niachie nimalize hapa, anakaribia kufa."

Nikaenda nacho chumbani kwangu nikakisoma mpaka adhana ya alfajiri. Ni The Fault in Our Stars cha John Green, kilitoka 2012. Hazel ana miaka 16, saratani imefika kwenye mapafu, popote aendapo anakokota mtungi wa oksijeni. Anampenda kijana aliyekutana naye kwenye kikundi cha wagonjwa, na muda wote anaogopa jinsi atakavyowaumiza watakaobaki. Mama yetu alikaa kwenye oksijeni siku tisa za mwisho. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akilala miguuni pake. Nilipofika kurasa za wazazi wa Hazel ndipo nikajua mtoto huyu alikuwa analia nini, maana msibani hakulia.

Asubuhi nilimrudishia kitabu chake. Lakini shuleni kwao vitabu hivi ni marufuku, na ndugu zangu wananiambia namwachia mtoto aharibike. Kwa hiyo naomba mliosoma riwaya hizi mkiwa na umri wake, hasa wa Kigoma na Tabora, mnisimulie. Ulikipataje kitabu chako, na kilikufanya nini? Ushauri nimepewa mwingi, nahitaji mliyoyapitia.

Binti Isevya

Pole sana kwa mama, dada.

Mimi nilisoma bweni hapa Tabora, shule sitaitaja, 2009 hadi 2012. Kitabu chetu hakikuwa na jalada. Kilikuja ndani ya tranka la msichana wa Nzega, shangazi yake alikikuta kwenye robota la mitumba, kimeviringishwa ndani ya koti. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka, hadithi inaanza msichana na mama yake wanahamia mji mwingine. Mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika.

Tulikuwa tisa tunaokitaka. Kila mtu akikaa nacho wiki, wa mwisho angekipata muhula umeisha. Basi dada wa chumba akachukua wembe mpya, akakilaza kitabu juu ya tranka, akaanza kukipasua mgongoni. Nasikia mpaka leo ile gundi kavu ikikatika, na unga wake mweupe ulibaki kwenye shuka langu. Vilitoka vipande sita. Kila kimoja akakishona kwa uzi wa bluu wa kushonea sare, mishono mitatu, akakiandika namba kwa kalamu nyekundu. Kipande kikiingia katikati ya daftari la Historia hakuna anayekiona.

Tukasoma kwa kuruka. Mimi nilianza na cha tano, nikaja cha kwanza, kisha cha sita. Usiku taa zikizimwa, aliyesoma anamsimulia ambaye hajasoma, kwa Kiswahili, na kila msimuliaji anatia chumvi yake. Ndiyo maana cha pili nakijua kwa namna tatu tofauti. Kiingereza changu nilikipata hapo. Nilikuwa natafuta neno kwenye kamusi saa tano usiku bila kutumwa na mtu, kwa sababu nilitaka kujua yule mvulana alimjibu nini.

Kipande cha nne kilikamatwa. Mwenzetu alisinzia nacho prepo, matroni akapita. Kilichomwa nyuma ya jiko siku ya Jumamosi, pamoja na barua za watu, sisi tumepangwa mstari tunaangalia. Na alikuwa amekisoma huyo mmoja tu, nusu. Mwisho wa kipande cha tatu msichana amemwambia mvulana asimtafute tena maishani. Mwanzo wa cha tano wamepatana, wala hakuna anayeeleza imekuwaje. Tulibishana muhula mzima. Mimi nilisema mvulana aliomba radhi. Rafiki yangu wa Sikonge alishikilia kwamba msichana ndiye aliyekosea. Sasa hivi ana watoto watatu, na tukipigiana simu bado tunabishana.

Mwalimu wa Kiingereza mwenyewe aliniuliza kidato cha nne nimepata wapi maneno niliyoandika kwenye insha. Sikuweza kumwambia.

Mzee wa Reli

Wanangu, hamjambo. Mimi nimezaliwa Tabora, nimefanya kazi reli ya kati mpaka nikastaafu, sasa nipo Ujiji.

Enzi zetu hakukuwa na hizi za Wamarekani. Kitabu kilichotushika kilikuwa Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha 1971. Kilipigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo tulikitafuta zaidi. Nilikisoma ndani ya treni ya usiku kutoka Tabora kuja Kigoma, chini ya taa iliyokuwa inafifia kila treni ikipunguza mwendo.

Humo ndani Rosa anaandikiwa barua na mvulana anayeitwa Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua na kumpiga vibaya. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Dada yangu mkubwa alipigwa hivyohivyo na baba yetu, kwa barua, na aliyeileta barua ile nyumbani nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, nilipewa senti nikanunue kashata. Baba aliponiuliza nikasema kila kitu.

Rosa baada ya hapo mnajua alivyokwisha. Dada yangu hakuishia hivyo, lakini alioa... aliolewa na mtu aliyechaguliwa na baba, wala sikumsikia tena akicheka kwa sauti. Nilikwenda kumwomba radhi mwaka niliostaafu, huko Kaliua. Aliniambia barua ile hakuwahi hata kuisoma, baba aliichana kabla.

Mama, mwachie mtoto kitabu chake.

Binti Isevya

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Makere

Mimi natoka Makere, Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii.

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha nne. Mama alikuwa anauza mawese na maharage sokoni, mimi nampokea nikitoka shule. Kulikuwa na msichana wa Kirundi, mkimbizi, alikuwa anakuja kununua mawese robo lita. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hatukuhangaika. Akawa anakaa kwenye gunia akinisaidia hesabu, alikuwa anazijua kuliko mimi. Siku moja akaja bila chupa. Familia yao ilikuwa imejiandikisha kurudi Burundi, yeye hakuulizwa. Msafara kesho yake alfajiri. Tulikuwa na mchana ule tu. Tulikula mahindi ya kuchoma, mawili, tukakaa mpaka soko likafungwa. Alinieleza habari za yule mzee anayesoma majina ya wanaoondoka kwenye kipaza sauti, kwamba alikuwa anakohoa kabla ya kila jina, na watu wote wanashika pumzi mpaka kikohozi kiishe.

Nimefika chuo Dodoma, mwenzangu wa chumbani akaniazima The Sun Is Also a Star, ya Nicola Yoon, ya 2016. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Jamaika. Ni habari ya siku moja New York. Natasha, familia yake imetoka Jamaika haina vibali, inarudishwa usiku uleule. Anakutana na Daniel, ambaye wazazi wake wametoka Korea. Wana saa chache. Natasha anahangaika maofisini, na Daniel anataka wapendane kabla jua halijazama.

Ila kilichonimaliza si hao wawili. Mwandishi anawaacha mara kwa mara, anakupa sura fupi ya mtu wa pembeni. Kuna mlinzi wa kike, Irene, anakagua mizigo ya wanaoingia ofisi ya uhamiaji. Hakuna anayemwangalia usoni. Sura yake ni fupi, unaipita kwa dakika moja, nami nilishindwa kwenda mbele. Nilikuwa nawaza yule mzee wa kipaza sauti. Labda alikohoa kwa sababu kuyasoma majina kulimshinda.

Vitabu vyote tulivyosomeshwa shuleni vilikuwa na maswali ya dhamira na wahusika. Hiki sikuulizwa swali lolote. Nilikaa nacho tu kitandani, giza likaingia, nikamkumbuka yule dada na hesabu zake. Simu hatukupeana, hatukuwa nazo.

Nyota ya Urambo

Nimesoma yote kwa heshima, lakini mimi hadithi hizi ziliniumiza na lazima niseme.

Sikuwa na vitabu. Nilikuwa nasoma kwenye simu, Wattpad, wanaoandika ni vijana wenzetu wa dunia nzima na wewe unasoma bure. Niliwasha bando usiku, nikapakua sura ishirini, mchana nazisoma kwenye bani la kukaushia tumbaku wakati wa kupumzika. Zile nilizopenda zilikuwa za aina moja: mvulana tajiri, mkali, ana wivu, anambana msichana ukutani, anamkataza marafiki, na mwishoni inajulikana kwamba alifanya hivyo kwa kupenda sana. Nilisoma kama hizo arobaini kabla sijafika miaka 18.

Nilipofika chuo nikampata wa kwangu. Akawa anashika simu yangu kila jioni, anasoma ujumbe mmoja mmoja. Moyo wangu ulifurahi. Nilisema, huyu sasa ndiye. Ilichukua miaka miwili na mkono kuteguka ndipo nikaondoka.

Baadaye nilisoma nyingine ambazo msichana anaondoka mapema na mwandishi anamheshimu kwa kuondoka. Zipo. Ila mimi nilichelewa kuzikuta. Dada, mdogo wako asome. Wewe mwulize swali moja kila akimaliza: mvulana wa humu alifanya nini siku alipoambiwa hapana?

Dada wa Mwanga

Asante, Nyota. Swali hili nimeliandika kwenye karatasi, nimelibandika ndani ya mlango wa kabati. Pole kwa mkono.

Mwandishi wa Kibirizi

Mimi nasoma na ninaandika. Naziandika kwa Kiswahili, natuma kwenye kundi la WhatsApp, sehemu tatu za kwanza bure, zinazofuata unalipia shilingi 500 kwa simu.

Nilianza kwa kuiga. Wahusika wangu walikuwa wanakutana mgahawani wanakunywa kahawa kwenye theluji, na mimi theluji sijawahi kuiona. Msichana mmoja wa Gungu, msomaji wangu, akaniandikia: kaka, huku kwetu watu hawapendani?

Nikakaa ufukweni Kibirizi jioni ile nawatazama wavuvi wa dagaa wakiandaa taa. Wanavua usiku, dagaa wanafuata mwanga wa taa ziwani. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa hazivuti tena, basi boti zinatulia siku kadhaa nchi kavu. Nikaona hadithi yangu ndiyo hiyo. Kijana ni mvuvi, binti yuko kidato cha sita na anamsaidia bibi yake kuanika dagaa. Wanaonana mwezi ukiwa mpevu tu. Siku nyingine zote binti anahesabu taa za mitumbwi kutoka kilimani, akijaribu kubahatisha ipi ni yake.

Wasomaji walitoka 40 wakawa 300 na kitu. Wengi ni wasichana wa sekondari, na wamama pia, hawasemi ila nawaona wanalipia. Wanachonililia ni kwamba binti afaulu mtihani. Busu hawaliulizi sana. Kila sehemu nikiituma naulizwa: matokeo yametoka?

Binti Isevya

Mimi mmojawapo wa hao wamama. Matokeo yametoka?

Mwandishi wa Kibirizi

Ijumaa, dada.

Dada wa Mwanga

Wapendwa, nimerudi.

Mdogo wangu amesoma uzi wote, amekaa hapa pembeni yangu. Alipofika kwa babu alinyamaza muda mrefu. Kwa sasa anasoma kile cha Jenny Han cha 2014, cha binti aliyeandika barua za siri kwa wavulana watano zikatumwa bila yeye kujua. Nasoma nyuma yake, mimi niko sura ya saba yeye ya kumi na mbili, na amenikataza kumuuliza chochote mpaka nimfikie. Anasomea sebuleni sasa, kwenye taa. Shule tumekubaliana kitabu hakitoki nyumbani.

Binti Isevya, ana ombi kwako. Anataka kuandika kile kipande cha nne. Anauliza unakumbuka nini hasa, mwisho wa cha tatu na mwanzo wa cha tano, asije akakosea.

Binti Isevya

Mwambie nakumbuka kila kitu.

Cha tatu kinaishia kituo cha basi. Mvua inanyesha, msichana hana mwavuli, amevaa koti la kaka yake. Mvulana yuko upande wa pili wa barabara, anamwita. Basi linasimama katikati yao, ukurasa unaishia hapo.

Cha tano kinaanza wako jikoni kwa kina msichana. Mvulana anamenya viazi na mama mtu. Kidole chake cha gumba kina bandeji, na hakuna anayesema kimefanya nini. Msichana anaingia, anaiangalia ile bandeji, anaanza kucheka.

Akiandika asisahau bandeji. Na nampigia wa Sikonge sasa hivi, naye atataka kusoma.