Ushauri: kitabu cha mkakati wa chesi nakielewa, lakini ubaoni naduwaa

Farasi_wa_Kondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Mimi si mgeni wa chesi, ila pia sijafika mbali. Lichess (tovuti ya chesi) michezo ya dakika kumi alama zangu huzunguka kati ya 1550 na 1650, na hapo nimekwama muda sasa. Mafumbo hayanisumbui sana. Farasi kushika kete mbili kwa pamoja, kumbana askofu mbele ya malkia, chekimeti ya mstari wa nyuma, hayo nayaona.

Shida ni pale ambapo hakuna cha kula wala cha kutishia. Kete zimetoka zote, wafalme wamejificha, halafu? Naanza kuhamisha ngome e1 kwenda d1, nairudisha e1, mwenzangu wakati huo anajenga. Nikishtuka, nimebanwa.

Nina vitabu viwili vya mtumba. Kimoja ni My System cha Nimzowitsch, kile cha 1925. Nakisoma usiku, kila ukurasa naitikia kwa kichwa, kesho yake nikicheza ni kama sikusoma. Kingine ni Chess Fundamentals cha Capablanca, lakini nakala yangu imeandika hatua kwa P-K4 na Kt-KB3 na sijui nini, nikafunga.

Mfano wa ninapokwama, nikiwa nyeupe (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula, O-O ni kumficha mfalme pembeni na ngome, nukta tatu ni hatua ya nyeusi): 1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.cxd5 exd5 5.Bg5 c6 6.e3 Be7 7.Bd3 O-O 8.Qc2 Nbd7 9.Nf3 Re8 10.O-O Nf8. Mpaka hapo nimekariri. Kuanzia hatua ya 11 niko gizani.

Je, ninunue kitabu kingine? Au hivi nilivyo navyo nivisome vipi? Duka la dawa ninakofanya kazi nafunga saa mbili usiku, kwa hiyo saa nilizo nazo si nyingi.

Nakuru_Blitzi

Boss, weka vitabu kando. Chini ya alama 2000 hakuna mkakati, kuna mtu aliyesahau kete na mtu aliyeiona. Fanya mafumbo kila siku, cheza michezo mirefu, basi. Hao wa "mraba dhaifu" na "askari aliyetengwa" (asiye na askari jirani wa kumlinda) mimi huwala farasi wao bure Jumamosi kwa Jumamosi.

Mwalimu_wa_Lurambi (Kakamega)

Blitzi, hata wewe Jumamosi unashinda kwa sababu kete zako tayari ziko mahali pazuri mtu akikosea. Huo nao ni mkakati, ila hujaupa jina.

Ndugu Farasi, umefanya jambo moja ambalo wengi wanaoomba ushauri hawafanyi: umeweka hatua. Hebu tusahau vitabu kidogo tuangalie askari wako. Baada ya 4.cxd5 exd5, wewe una a2, b2, d4, e3 na wale watatu wa upande wa mfalme. Yeye ana a7, b7, c6, d5 na watatu wake. Hesabu upande wa malkia: wawili wako kwa watatu wake. Njia ya c, yaani miraba yote ya c kutoka chini hadi juu, iko nusu wazi kwako kwa kuwa huna askari hapo; njia ya e iko nusu wazi kwake. Umbo hili huitwa Carlsbad, na limeshachezwa hadi likachakaa. Hiyo ni bahati yako, kwa sababu mipango yake inajulikana.

Mpango wa kwanza ni shambulizi la wachache. Unapeleka 11.Rab1, kisha b4, ukihitaji unaongeza a4, kisha b5. Ukibadilishana bxc6 bxc6, askari wake wa c6 anabaki amekaa njia ya c bila mwenzake wa kumlinda. Huo ndio mzigo atakaoubeba mchezo mzima. Wewe unapanga ngome kwenye njia ya c, farasi unamtafutia njia ya e5 au c5, na yeye kazi yake inakuwa kulinda. Akijibu b5 yako kwa ...c5, unakula dxc5 na sasa d5 ndiye yatima.

Mpango wa pili ni f3 kisha e4, na huo unataka farasi akae e2, si f3. Tafuta mchezo wa Botvinnik na Keres wa mashindano ya Sovieti, 1952. Uchezeshe polepole. Utaona katikati ikisogea mbele kama ukuta huku nyeusi hana pa kushika.

Yeye naye halali. Atataka farasi e4, askofu d6, na kete zake zote zigeukie kwa mfalme wako. Kwa hiyo kila unaposogeza b4, jiulize kama e4 imelindwa.

Sasa rudi kwa vitabu. Kitabu cha mkakati ukikisoma kama hadithi utaitikia tu, maana mwandishi anakuonyesha jibu kabla hujasumbuka. Chukua ubao halisi. Funika hatua za chini kwa karatasi. Kila hatua ya yule aliyeshinda, ikisie kwanza wewe, iandike, ndipo ufunue. Mkitofautiana, hapo ndipo somo lilipo. Uliona nini ambacho yeye alikidharau? Mchezo mmoja namna hiyo unaweza kuchukua jioni mbili, na usione haya. Mimi wanafunzi wangu nawaambia waandike sentensi moja tu kila baada ya hatua tano: nani ana kete mbaya kuliko zote ubaoni, na itatokaje hapo. Kwa Kiswahili, Kiluhya, lugha yoyote ile. Asiyeweza kuandika sentensi hiyo hajaielewa nafasi, hata kama alitabasamu aliposoma.

Na usianze Nimzowitsch ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anaandika kama mhubiri, na mahubiri mengine hayatakufaa leo. Nenda sehemu ya kumzuia askari aliyetengwa na sehemu ya ngome kwenye mstari wa saba. Ile habari yake ya kulinda mahali kupita kiasi iache kwanza. Binafsi naona ameitia chumvi.

Mzee_wa_Ajua (Kisumu)

Kijana wangu, usitupe Capablanca kwa ajili ya herufi. Ule uandishi wa zamani unajifunza kwa nusu saa. K ni njia ya mfalme, Q ya malkia, KB ni ya askofu wa upande wa mfalme, na kadhalika. Namba kila mchezaji anahesabu kutoka upande wake. Kwa hiyo P-K4 ya nyeupe ni e4, ya nyeusi ni e5. Kt-KB3 ya nyeupe ni Nf3, ya nyeusi ni Nf6. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, iliacha kuutambua mtindo huo 1981, ndiyo maana ninyi wa simu hamuujui. Lakini vitabu vya mtumba vinauzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Nyamaza ununue.

Tena kitabu hicho cha 1921 kinaanza na mwisho wa mchezo: ngome na mfalme, kisha askari wachache. Watu hukirukia katikati wakidhani mwanzo ni wa watoto. Kwenye ajua, mchezo wetu wa bao, huwezi kuchota shimo bila kujua kokoto ya mwisho itaangukia wapi. Na huku, usipojua mchezo wa ngome na askari unavyoisha, utabadilishana malkia kwa sababu gani?

Nakupa mmoja wa kuanzia, haumo kwenye kitabu hicho kwa sababu ulichezwa baadaye: Capablanca na Tartakower, New York, 1924. Ni mwisho wa ngome. Ngome ya Capablanca imekaa h7, mstari wa saba, haitoki. Hatua ya 35 anacheza Kg3 na kumwacha mwenzake ale c3 kwa cheki. Anaenda Kh4. Analiwa f4 pia, kwa cheki tena! Yeye mfalme wake anapanda g5, kisha f6. Sasa angalia hapa kwa makini: mfalme wake akiwa g5 angeweza kumla askari mweusi wa f5, lakini hakumla. Alimwacha, maana mfalme akiwa f6 askari huyo huyo wa adui anamkinga na cheki za ngome kutoka nyuma. Alikuja kumla baadaye, kazi ikiwa imekwisha.

Mimi mchezo huo nimeucheza ubaoni mara nyingi na bado huwa natabasamu peke yangu, mama watoto ananiuliza nini.

Nakuru_Blitzi

Mzee, shikamoo. Huo wa Tartakower nakubali ni mtamu. Lakini Farasi anafunga duka saa mbili usiku, mnampa kazi ya jioni mbili kwa mchezo mmoja?

Farasi_wa_Kondele

Asanteni sana, hasa Mwalimu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia umbo langu lina jina.

Mzee, shikamoo nyingi, nimeanza kuandika e4 pembeni ya kila P-K4 kwa penseli. Swali: nikifunika hatua nikakisia, nikakosa, nawezaje kujua hatua yangu ilikuwa mbaya au ilikuwa nzuri ila tofauti? Kitabu hakinijibu. Nikiweka kwa injini (programu ya kompyuta ya chesi) inaniambia +0.4 na +0.3, yaani faida ya sehemu ya askari mmoja, sasa hiyo naila na nini?

Na Blitzi yuko sawa kuhusu muda. Jumapili peke yake ndiyo ninayo nzima. Siku nyingine ni kwenye matatu tu na kitandani.

Bahati_e4 (Eldoret)

Hapo kwa injini nikuambie ninavyofanya. Tofauti ya 0.1 achana nayo, hiyo ni kelele. Ila chukua hatua yako, iweke kwenye ubao wa uchambuzi wa Lichess, ni bure, kisha uzime injini na ucheze wewe upande wa pili. Jaribu kuiadhibu hatua yako. Ukishindwa kuiadhibu, ilikuwa nzuri. Ukiiadhibu, umejifunza kuliko namba yoyote ingekufundisha. Injini iwashe mwisho, kuhakikisha hukusahau kete.

Kama hujapata kitabu ambacho mwandishi anaongea kila hatua, kipo cha Chernev, Logical Chess, cha 1957. Michezo 33, na anaeleza kila hatua, hata e4 ya kwanza anaieleza upya mchezo baada ya mchezo. Wajuzi husema anarahisisha mno, na ni kweli: yule aliyeshindwa kwake huwa kama hakuwa na akili. Lakini kwa mtu wa matatu na kitandani, kinasomeka. Kiulize toleo jipya kama hutaki P-K4 tena.

Ubao wa sumaku wa mfukoni pia usiudharau. Nimesoma nao njia yote Eldoret hadi Nakuru. Mteremko wenye kona tu ndio humwaga askari.

Mwalimu_wa_Lurambi

Bahati amesema vizuri. Naongeza kuhusu muda: Jumapili mchezo mmoja wa kitabu, wa Carlsbad, kwa karatasi. Wiki nzima usisome kingine. Cheza umbo hilo hilo jioni, mchezo mmoja wa polepole, uanzie na hatua zako hizo kumi. Mtu anayesoma sura ya askofu Jumatatu, sura ya ngome Jumanne, na kucheza Kisisilia (ufunguzi mwingine kabisa) Jumatano, atajua majina mengi na bado atahamisha ngome e1 kwenda d1.

Mafumbo ya Blitzi usiyaache. Dakika kumi na tano asubuhi. Shambulizi la wachache likifaulu huzaa fumbo, na ni lazima uwepo kulifumbua.

Nakuru_Blitzi

Angalau nimetajwa 😂

Farasi_wa_Kondele

Nimerudi. Nimecheza umbo hili mara kadhaa wiki hii. Jana jamaa hakufuata mlivyosema. 11.Rab1, tukabadilishana maaskofu wa miraba ya giza, nikaenda b4, akacheza ...a6, nikaweka a4, naye akasukuma ...b5 yeye mwenyewe! Sasa b5 yangu haipo tena. Nikabadilishana axb5 axb5, nikamwona farasi wake anatoka f6 kwenda d7, b6, mpaka c4, na hapo alikaa kama mwenye nyumba. Nilipaswa kufanya nini?

Mwalimu_wa_Lurambi

Swali zuri kuliko lile la kwanza. ...b5 inamwachia udhaifu wa aina mbili: c6 bado dhaifu, na c5 hakuna askari wake awezaye tena kuilinda. Lakini wewe pia c4 hakuna askari wako awezaye kuilinda. Kwa hiyo ni mbio za farasi. Wako afike c5, wake afike c4, na aliyefika kwanza ndiye anayemfungia mwenzake njia ya c. Akishakaa c4, c6 yake haionekani tena kutoka mbele. Na ukimla kwa askofu wa d3, anakula kwa askari na anapata askari wa c4 aliyepita, yaani hakuna askari wako wa kumzuia mbele, tena analindwa akipenda.

Basi mara tu anapocheza ...b5, fikiria Nd2. Farasi akiwa d2 anaangalia c4, na yuko njiani kwenda b3 halafu c5. Njia ya a iliyofunguka, ngome iende a1 mapema kabla yake. Na kama unaona atakuwahi c4 hata ufanye nini, usibaki upande ule. Farasi wake wa b6 yuko mbali na katikati kwa hatua hizo mbili tatu, hapo e4 inaweza kuja. Ihesabu kwanza.

Weka mchezo wote hapa, mpaka ulipoisha. Na uandike ulikuwa unawaza nini alipokwenda d7.