Deporte, desporto, esporte: naombeni ushauri kabla sijaanza Kireno

MwandishiChipukizi: Wakuu, habari za jioni. Naandika habari za michezo hapa Dar. Kihispania nakisoma bila shida, deporte, yaani michezo, nimelizoea. Sasa mhariri kaniongezea ligi za Ureno, Brazil na Msumbiji. Lisbon wanaandika desporto, São Paulo esporte, Waitalia sport tu. Nianze upya, au Kihispania kitanivusha? Na nikiwaandikia klabu za Maputo, nitumie lipi?

Mzee_wa_Kamusi: Usianze upya kabisa, mkuu. Deporte na desporto ni ndugu wa damu, asili yao Kilatini deportare. Wafaransa wa kale walikuwa na desport, yaani burudani. Waingereza wakalichukua, wakalikata kichwa, likabaki sport. Baadaye Wafaransa wenyewe wakaliazima likiwa hivyo hivyo limekatwa, na Waitalia na Waromania pia. Wabrazil ulimi wao hauanzi na s ikifuatwa na konsonanti, wakatanguliza e: esporte.

Binti_Mtwara: Maputo andika desporto. Msumbiji na Angola wanafuata Kireno cha Ureno, na hata klabu kongwe ya pale inaitwa Desportivo. Kusoma hakutakusumbua. Kazi iko kwenye kusikiliza, maana Wareno wanameza irabu. Mimi ningeanza na Rádio Moçambique, matamshi yao yako wazi zaidi, halafu ndiyo niende Lisbon.

Kalamu77: Naongezea tahadhari moja, tena muhimu kwa mwandishi. Kihispania deportar ni kumfukuza mtu nchini. Deportado ni aliyefukuzwa, mwanamichezo ni deportista. Ukichanganya hapo unamharibia mtu jina. Ukiwa na haraka tumia atleta, liko Kihispania, Kireno na Kiitalia. Kwa soka ni jugador, na Kireno jogador.

MwandishiChipukizi: Asanteni sana, nimeelewa. Swali la mwisho: gazeti la Mundo Deportivo la Barcelona ni la Kikatalunya, lugha ya kule?

Mzee_wa_Kamusi: Hapana, ni Kihispania, na lipo tangu 1906. La Kikatalunya ni L'Esportiu. Angalia jina: Wakatalunya nao husema esport, kwa e mbele. Hilo lisome pole pole, ila ukiwa na Kihispania na Kifaransa kidogo, taarifa ya mechi utaielewa.

Binti_Mtwara: Barua ya Maputo ukishaiandika, iweke hapa kabla hujaituma, nitaipitia.