Age of Empires ya 1997: Misri, Wahiti, Waashuru au Waajemi kwenye ramani ya nchi kavu?

Mlinzi_wa_Ngome:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Ni Age of Empires, mchezo wa kompyuta wa vita vya kale, toleo la awali la 1997, ramani haina bahari, mmoja kwa mmoja, kikomo ni watu 50. Nataka kuchagua ufalme mmoja kati ya hizo nne na kuuzoea. Waajemi wananivutia kwa tembo, lakini kila jeshi la tembo linageuzwa na makuhani wa adui, likawa upande wao, kabla halijagusa ukuta. Nguvu halisi ya kila ufalme iko wapi, na huanza kufanya kazi enzi gani, yaani hatua gani ya mchezo?

Mkuki_Mrefu:
Swali lako la mwisho ndilo la maana, mkuu. Wengi hutazama askari wa mwisho kwenye orodha na kusahau gharama ya kumfikia. Kuingia Enzi ya Zana ni chakula 500, Shaba ni 800, na Chuma ni chakula 1000 pamoja na dhahabu 800, na kila hatua inadai majengo mawili ya enzi unayotoka. Tembo wa vita ni askari wa Chuma. Mpinzani ambaye nguvu yake inaanza Shaba atakukuta ungali unachimba hiyo dhahabu 800.

Kwa hiyo mimi ningechukua Waashuru bila kusita. Wapiga mishale wao hufyatua haraka zaidi kwa takribani asilimia 40, na faida hiyo inawafikia pia wapiga mishale wa magari ya farasi. Gari moja la aina hiyo ni mbao 70 na chakula 40. Hakuna dhahabu hata chembe, kwa hiyo dhahabu yote inabaki kwa ajili ya kupanda enzi.

Utaratibu: ukiingia Shaba, kitu cha kwanza ni utafiti wa Gurudumu pale sokoni. Bila huo, magari hayatengenezwi, na zaidi ya hapo unaongeza mwendo wa wanakijiji. Jenga viwanja viwili vya mishale mbele ya kituo chako, si nyuma. Yakifika magari sita, yatoe yakawinde wakata miti wa adui. Piga, rudi nyuma, geuka, piga tena. Kosa linalowaua wengi ni kuyaacha yasimame. Yakisimama, jiwe moja la manati (mashine ya vita ya kurusha mawe) linaondoka na matatu.

GariLaVita:
Nakubaliana kuhusu Waashuru, ila Misri isipitwe hivihivi. Gari la kawaida la vita lina uhai (kiasi cha mapigo linachostahimili) wa 100. La Misri lina 133 tangu siku ya kwanza ya Shaba. Tena magari kwa asili ni magumu kugeuzwa, na pigo lake kwa kuhani ni mara tatu. Hapo ndipo jibu la tatizo lako la makuhani lilipo. Mbao 60, chakula 40, nayo pia haili dhahabu.

Dhahabu inayobaki iende hekaluni. Kuhani ni dhahabu 125, na wachimbaji wa Misri huchimba dhahabu haraka zaidi kwa asilimia 20. Kuhani wa kawaida hugeuza adui kutoka umbali wa hatua 10. Wa Misri hufika 13. Hizo hatua tatu si ndogo: anaanza kumgeuza tembo wakati kuhani wa upande wa pili hajamfikia hata askari wako wa mbele. Tafiti Umizimu (Mysticism) hekaluni mapema, unaoongeza uhai wa kuhani kutoka 25 hadi 50, maana kuhani wa 25 anakufa kwa mishale michache tu. Usiwapange bega kwa bega. Waache mbalimbali, na kila mmoja umpe shabaha yake. Ukiwaelekeza wote kwa tembo mmoja, akigeuzwa na kuhani mmoja, wengine wote wamepoteza muda wao.

Fundi_Manati:
Wahiti hawajatetewa, niwatetee mimi. Manati yao yana uhai maradufu: mtupa mawe wa Shaba ana 75 kwa wengine, kwao ni 150. Maana yake anamaliza kupigana na mtupa mawe mwenzake akiwa amesimama. Gharama ni mbao 180 na dhahabu 80, kwa hiyo usijenge zaidi ya matatu mwanzoni. Wapiga mishale wao nao wana nyongeza ya pigo 1, hivyo wanaweza kuyalinda.

Linaloharibika ni hili: jiwe halichagui. Likitua katikati ya vita linaua na wa kwako. Ukituma askari wa miguu mbele halafu manati yakaachwa yapige yenyewe, utajimaliza. Weka manati nyuma, wapiga mishale ubavuni, na kila jiwe ulielekeze mwenyewe kwenye kundi ambalo watu wako hawajalikaribia. Wapanda farasi wakishafika miguuni kwa manati, hayafai tena.

Kihistoria, nguvu hii wamepewa tu na watengenezaji. Wahiti waliogopwa kwa magari ya vita. Ndiyo waliyoyapeleka Kadesh mwaka 1274 KK dhidi ya Ramesses II. Manati yanaanza kusikika Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily, mnamo 399 KK, karne nyingi baada ya dola yao kuanguka.

Mkuki_Mrefu:
Kweli kabisa. Kwa mwenye swali, kuhusu tembo wa Waajemi: nguvu yao ni mwendo, asilimia 50 zaidi ya tembo wengine. Lakini tembo ana uhai 600 na anagharimu chakula 170 na dhahabu 40, na akigeuzwa, uhai wote huo unahamia kwa adui bure. Kuhani anageuza mmoja kwa wakati mmoja, kisha lazima arejeshe imani (nguvu yake ya kugeuza). Kwa hiyo usitume tembo wawili wawili. Kusanya wanane, tanguliza wapanda farasi watano wawakimbilie makuhani, tembo waingie makuhani wakiwa wameshaishiwa. Na chakula chako cha mwanzo kitoke mawindoni, kwa sababu wawindaji wa Waajemi wana faida ya asilimia 30. Wanyama wakiisha karibu na kituo, jenga ghala jipya kando ya kundi jingine badala ya kuwatembeza watu mbali.

Mlinzi_wa_Ngome:
Nimeelewa, wakuu. Naanza na Misri. Gurudumu kwanza au hekalu kwanza?

GariLaVita:
Gurudumu. Hekalu lifuate yakishatoka magari manne, maana kuhani asiye na magari mbele yake hamalizi hata ugeuzaji mmoja.