Historia ya vikosi vya makomandoo: tuwaachie wastaafu wanaojitolea?

Wakuu, naleta mada. Vikosi maalumu vingi vyenye jina vina vyama vya wastaafu wake, na kazi yenyewe hufanywa na watu wawili watatu wasiolipwa: katibu anayejibu barua za wajukuu, mtunza picha, na yule anayezunguka kuwarekodi wazee kabla hawajatutoka. Je, waendelee kuongoza kazi ya historia, au ikabidhiwe hifadhi za taifa?

Mimi nasema waendelee. SAS, kikosi cha makomandoo cha Uingereza, ilianzishwa na David Stirling mwaka 1941 kwa vita vya jangwani Afrika Kaskazini, ikavunjwa Oktoba 1945. Askari mmoja akakusanya amri, taarifa za mapigano na picha, akazifunga kuwa kitabu kimoja kikubwa, akakaa nacho kimya kwa miaka zaidi ya 50. Uzeeni ndipo alipokikabidhi kwa chama cha kikosi, nacho kikakichapisha 2011. Tungesubiri karani wa nyaraka, leo tungekuwa tunahadithiana tu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mfano wako unakugeuka mwenyewe. Nusu karne nyaraka za vita ziko nyumbani kwa mtu! Ingewaka moto siku moja, je? Hiyo ni bahati, usiiite uongozi.

Mchangiaji wa pili: Mimi moto siuogopi, naogopa mapenzi. Novemba 2020 Australia ilitoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji Paul Brereton: zipo taarifa za kuaminika kwamba askari wa vikosi maalumu waliua watu 39 nchini Afghanistan kinyume cha sheria. Niambieni, chama gani cha wastaafu kingekaa chini kuandika sura hiyo? Mtu hujitolea kwa sababu anakipenda kikosi. Humpi mtoto kalamu aandike hukumu ya mama yake.

Mchangiaji wa tatu: Sawa ndugu, lakini dola nayo husahau inapotaka. Katika Vita vya Korea, Marekani ilikuwa na kombania moja ya Ranger (makomandoo wa jeshi lake) ya askari weusi watupu, Kombania ya 2. Iliruka kwa miamvuli Munsan-ni Machi 1951, na mwaka huohuo ikavunjwa. Wanaume wale wangenyamaza, nani angewasemea?

Mleta mada: Mchangiaji wa pili kanibana, nakiri. Basi nirekebishe kauli. Kukusanya waongoze wao, maana mjane mwenye sanduku chini ya kitanda hamfungulii mgeni mwenye kitambulisho cha ofisi. Anamfungulia aliyelala handaki moja na mumewe. Ila nakala ya kila kitu iende hifadhi ya umma mapema, katibu akiwa bado hai, na yeyote aruhusiwe kuisoma na kuandika anachokiona, hata kikiwauma.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo tunaelewana. Na mzee aliyerekodiwa akasema "isisikike mpaka nife"? Ukiipeleka umemsaliti, usipoipeleka itapotea na katibu.

Mleta mada: Iende ikiwa imefungwa kwa lakiri. Sharti lake liandikwe juu ya bahasha, lisibaki kichwani mwa katibu.

Mchangiaji wa pili: Na funguo akae nazo nani? Mkisema chama, tumerudi palepale.