Naomba ushauri: petali za waridi zinageuka rangi ya majivu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa wanaochora kwa rangi za mafuta.

Nachora mawaridi meupe na ya pinki kwenye glasi ya maji, kwa namna ya mchoraji Mfaransa Manet katika vile vipicha vidogo vya maua alivyochora kabla ya kufariki mwaka 1883: rangi juu ya rangi ambayo haijakauka. Kanvasi ni sentimita 30 kwa 40, imepakwa kwanza kahawia nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Natumia nyeupe ya titaniamu, njano ya kadimiamu, nyekundu ya alizarini, bluu ya ultramarini na kijani cha viridiani. Brashi ni bapa, namba 8.

Tatizo liko pale petali inapokutana na jani. Pinki ikigusa tu kijani inakuwa majivu. Nyekundu na kijani zinauana, hilo nalijua. Nimeacha kuchanganya rangi na mafuta ya kitani, na nafuta brashi kwa kitambaa kila baada ya mguso mmoja. Afadhali kidogo. Nikasubiri siku 4 majani yakauke: rangi ikabaki safi, ila kingo zikawa kali kama zimekatwa kwa mkasi.

Sasa, nianze na maua niyaachie majani nafasi, au majani yatangulie kwa rangi nyembamba sana?

Na kivuli cha petali nyeupe mnakichanganyaje? Ultramarini na alizarini vinanipa zambarau baridi mno, nikitia njano narudi kwenye majivu yale yale.