Mashine ya kukatia majani, kiwanja ekari moja: ya kusukuma, ya begani au ya kukalia?

Mkazi wa Usa
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja cha ekari moja huku Usa River. Ukitoa nyumba, banda la ng'ombe na migomba, inabaki kama nusu ekari ya majani. Sehemu kubwa ni ukoka, ila upande wa mfereji kuna mabingobingo na mawe ya kutosha. Kijana anayenisaidia anafyeka siku tatu, akimaliza huku, kule alikoanzia kumeshaota. Masika ndiyo usiseme.

Nilishanunua mashine ya kusukuma, kampuni naiacha bila jina. Msimu wa kwanza tulipendana. Wa pili, bati la chini likaoza kuzunguka boliti za injini, gurudumu moja likawa linatembea kama mlevi, na Jumamosi moja injini ikaanza kucheza juu ya bati mpaka kijana akaikimbia. Sasa nataka kitu cha kudumu. Nisukume tena, nichukue ile ya kubeba begani, au nijikaze ninunue ya kukalia?

Fundi Spana
Mkuu, kabla hujanunua nyingine, hiyo ya kwanza ilikuwa inaoshwa? Majani mabichi yana maji. Yakigandana chini ya bati na mashine ikasukumwa stoo vilevile, Jumamosi inayofuata kutu imeshakula. Ukimaliza kukata, chomoa waya wa plagi, ilaze ubavu upande ambao kabureta na eya klina vinatazama juu, kwangua kwa kipande cha ubao. Dakika tano. Ukiilaza upande wa pili, oili inaingia kwenye eya klina, halafu unaniletea unasema injini imekufa.

Na huko kucheza kwa injini, nina wasiwasi na kisu. Watu wananoa upande mmoja mpaka unawaka, wa pili wanaupitisha jiwe mara mbili basi. Chukua msumari, upigilie ukutani, tundika kisu kwenye tundu lake la katikati. Upande mzito utashuka. Noa huo huo kidogo kidogo mpaka kisu kitulie kimelala sawa. Kisu kisicho sawa kinazunguka mara elfu tatu kwa dakika, hakuna boliti itakayovumilia.

Ukienda dukani usianze na rangi. Bonyeza bati kwa kidole gumba; likibonyea, ondoka. Tikisa magurudumu: yenye beringi yanazunguka bila kuyumba, yenye bushi za plastiki yataanza kuchezacheza mapema. Kwenye injini za Honda soma herufi, wengi wanadanganyika hapo. GCV160 na GXV160 zinasomeka kama mapacha, lakini GCV ni ya matumizi ya nyumbani, ndani ina mkanda unaoendesha kamshafti, yaani shafti inayofungua vali. GXV ni ya kazi, cc 163, vali zinasukumwa na fito. Kwa nusu ekari kila wiki masika nzima, mimi ningetafuta GXV hata kama imetumika.

Wa Limuru
Boss, kwanza nyinyi mnasema "majani", sisi huku majani ni ya chai 😄. Nyasi zetu ni kikuyu grass, inajishika kama mkeka. Mashine ndogo ikiingia hapo inazima kila hatua kumi. Nilichojifunza: usikate fupi mara moja. Inua magurudumu hadi juu kabisa, kata, ngoja siku tatu nne, shusha, kata tena. Ukiondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo, nyasi inageuka njano na injini inaumia bure.

Kwa hayo mabingobingo sahau ya kusukuma kabisa. Chukua brashikata, ile ya kubeba begani, yenye kisu cha chuma. Uzi wa nailoni ni wa kando ya ukuta na miti.

Dada wa Tegeta
Mimi natumia ya umeme wa waya, bustani yenyewe ya pasipalamu kama chumba na sebule. Kimya, haina oili, haina kuvuta kamba. Lakini kijana alishapita juu ya waya, moto ukaruka, tukakaa gizani. Kwa nusu ekari utakuwa unavuta waya kama mvuvi anavuta nyavu. Achana nayo.

Bongo wa Minnesota
Nyongeza tu: huku natumia ya betri, volti 56, na eneo langu halifiki nusu ekari. Majani makavu inakata vizuri sana. Yakiwa marefu na mabichi, betri inashuka unaiona kwa macho, naenda kuchaji kabla sijamaliza nyuma ya nyumba. Kinachonitisha ni betri kuchoka, maana bei yake inakaribia ya mashine. Kama duka la Arusha haliwezi kukuuzia betri hiyo hiyo miaka minne ijayo, usinunue.

Mtunza Uwanja
Niongelee ya kukalia, maana ndiyo kazi yangu. Uwanja wa mpira mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, karibu ekari moja na robo tatu, tambarare, hauna mti. Hapo ya kukalia yenye upana wa sentimita 107 inapendeza. Kwako wewe kuna migomba, banda, mawe na mfereji. Utakuwa unageuza kuliko unavyokata. Halafu kuna mikanda, kuna betri, kuna beringi za visu viwili au vitatu, na ukigonga jiwe unagharamia zaidi ya unavyofikiri.

Piga hesabu ya kusukuma. Kisu cha sentimita 53, ukipishanisha mistari unabaki na 45 hivi. Mtu akitembea kilomita tatu kwa saa anakata kama mita za mraba 1,350. Nusu ekari ni 2,000 na kitu. Saa moja na nusu, weka mbili kwa sababu ya kumwaga kikapu na kunywa maji. Ukilinganisha na siku tatu za fyekeo, unataka nini tena?

Mkazi wa Usa
Asanteni sana. Bei ya Honda mpya nimeiona leo, nikarudi kwenye gari kunywa maji kwanza. Kuna kaka anauza GXV160 iliyotumika, anasema ilikuwa ya hoteli. Naikaguaje? Na brashikata nichukue yenye oili ya kuchanganya au ya kawaida?

Fundi Spana
Brashikata ya kuchanganya ni sawa, ni nyepesi na fundi yeyote anaijua. Ila uchanganyaji usiwe wa kukisia kwa jicho. Soma kitabu chake: ikiandikwa 1:50, lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili, 1:25 inataka 40. Nunua bomba la sindano la duka la dawa, liandike OILI, liwekwe juu mbali na watoto. Pistoni nyingi ninazofungua zimechubuka kwa sababu kijana alisahau oili siku moja tu. Na avae buti na miwani, huko kwenye mawe kisu kinarusha.

Hiyo ya hoteli: chomoa waya wa plagi, ilaze ubavu, zungusha kisu taratibu kwa mkono wenye glovu huku unatazama boliti ya katikati. Ikikaa palepale, krenki, yaani shafti inayozungusha kisu, imenyooka. Ikitembea kiduara, iligongeshwa kisiki na krenki imepinda. Usikubali kuambiwa inanyooshwa. Kisha chomoa kijiti cha oili, kisugue kidoleni: kukiwa na chenga zinazong'aa, rudi nyumbani.

Mkazi wa Usa
Nimetoka huko sasa hivi. Fundi, boliti ilitembea kiduara kama ulivyosema. Nilipomwonyesha muuzaji akasema ni macho yangu. Nimemwachia. Brashikata nimeshachukua, leo jioni tumesafisha upande wa mfereji wote, tumekuta visiki vitatu vya mjohoro ambavyo hata sikujua vipo. Nimevipaka chokaa mpaka nipate mtu wa kuving'oa. Jumamosi naenda Moshi kuona GXV nyingine.

Mtunza Uwanja
Hivyo visiki ving'oe kabla mashine haijafika. Chokaa ikimezwa na majani ya masika huioni tena.

Fundi Spana
Na ukienda Moshi mpigie muuzaji umwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa silenda kwanza. Ukiikuta ya moto, kaa hapo unywe chai mpaka ipoe, ndipo uvute kamba mwenyewe.